Gari Lililokawia Kuitika

Mkoba wa hospitali ulikuwa mlangoni, na Mama hakuweza kuuacha. Aliufungua, akazikunjua nepi, akazikunja upya, akazirudisha. Akaenda dirishani kulitazama gari. Akarudi kwenye mkoba.

“Mama, hizo soksi za mtoto hazina miguu ndani,” binti yake alisema. “Haziwezi kutoroka.”

“Naangalia tu.”

Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu ameiegesha juu ya robota la kitambaa cha sare, tumbo limemtangulia. Alikuja kujifungulia kwa wazazi wake kwa sababu mumewe anafanya kazi mbali. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mkunga alishawaambia kwamba ni siku yoyote kuanzia sasa, na tangu aseme hivyo Mama alikuwa roho juu.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana ya kushonea. Mume wa Mama alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mzee Pindo, kwa sababu suruali aliyoishona yeye haijawahi kwenda pindo upande. Macho yake yalikuwa na vituko. Karibu aliona tundu la sindano, mbali hakuona hata lori. Kwa hiyo usukani aliuacha zamani kwa mkewe. Mama ndiye aliyepeleka sare mashuleni. Ndiye aliyewabeba ndugu wakati wa harusi na misiba. Na ndiye aliyetakiwa kumpeleka binti hospitali.

Tatizo ni kwamba Mama alikuwa haliamini tena gari.

Lilikuwa gari la juu, la dizeli, lenye safu tatu za viti na injini ya turbo. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa limewatumikia vizuri. Siku hizi lilikuwa na tabia mbaya. Ukilikanyagia mafuta, haliitiki. Linaguna, linatambaa, kama mtu aliyeamshwa usingizini anayetafuta viatu. Halafu, umeshakata tamaa, linaruka mbele kwa nguvu.

Kwenye barabara za mtaani hilo lilivumilika. Lakini hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Ili kufika huko ilibidi kupanda mwinuko mfupi, kusimama njia panda, kisha kuingia barabarani palepale malori yanaposhuka kwa kasi. Wiki iliyopita Mama alikuwa anampeleka binti kliniki. Aliona nafasi, akakanyaga mafuta, gari likakawia. Lilipokuwa katikati ya barabara, bado linajitafuta, lori lilipiga honi ndefu na kupinda. Dereva wake alichungulia dirishani akasema maneno ambayo Mama hakuyarudia kwa mtu yeyote. Binti alikuwa amelishika tumbo lake kwa mikono miwili. Hilo lilimuumiza Mama zaidi kuliko matusi ya dereva.

Alipofika nyumbani alisimulia yaliyotokea. Mdogo wake Mzee Pindo alikuwapo. Huyu alikuwa muuza viatu, mcheshi, na hakuna jambo duniani ambalo hakulijua.

“Shemeji, ni mguu wako,” alisema. “Unakanyaga mafuta kama unaendesha cherehani.”

Mzee Pindo akacheka. Mama hakucheka. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Shemeji, kwa kuwa alipenda kusaidia, alileta chupa ya dawa akaimimina kwenye tangi la mafuta. Gari halikubadilika. Alileta fundi wa barabarani. Huyo hakufungua hata boneti. Alisimama mbali, akasikiliza injini ikiunguruma, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Turbo imekufa, alisema. Aachiwe gari wiki nzima, atafute nyingine.

Wiki nzima bila gari, na binti ni siku yoyote. Teksi za mtaa ule zilijulikana. Ukizipigia simu dereva anasema yuko kwenye kona, nawe hujui ni kona ya mji gani. Mama alisema gari haliondoki. Shemeji alisema basi binti atajifungulia njia panda. Mzee Pindo alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asiyasikie yote mawili.

Wakiwa katika ubishi huo, mteja aliingia kuchukua ovaroli yake mpya. Alikuwa jirani wa nyumba ya nyuma, mama wa makamo mwenye sauti kubwa, anayefundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi. Watu walimwita Mwalimu. Alikuwa anatafuna karanga, na aliendelea kuzitafuna huku akisikiliza kila upande.

“Nani analiendesha hilo gari?” aliuliza.

Wote wakamwonyesha Mama.

“Basi ninyi wengine nyamazeni kidogo. Mama, hebu niambie mwenyewe. Linakawia wakati gani?”

Mama alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakafunguka. Linakawia zaidi likipanda mlima, na likibeba watu wengi. Linakawia likiwa la baridi na likiwa la moto pia. Likianza kuvuta linatoa moshi mweusi nyuma. Na lina sauti. Sauti hiyo inatoka mbele, chini, upande wa kulia, kila anapokanyaga mafuta kwa nguvu. Inasema fyuu, kama mtu mwenye pengo anayejaribu kupiga mluzi.

Shemeji akaangua kicheko. Alisema tangu wiki iliyopita shemeji yake anasikia mtu anapiga mluzi ndani ya injini, na wao hawamsikii.

Mwalimu hakucheka. Alimgeukia Mzee Pindo. “Cherehani yako ikianza kuharibika, nani hugundua kwanza katika nyumba hii?”

Mzee Pindo alivua miwani, akaipangusa. “Yeye,” alikiri. “Akiwa jikoni anasema sindano imechoka, nami ndiye niliyekaa juu yake.”

“Na masikio hayo ameyaacha jikoni akiingia kwenye gari?”

Mama alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, ingawa bado hakuna kilichotengenezwa.

Mwalimu alisema kwanza wakaliendeshe. Ugonjwa wa namna hiyo hautafutwi gari likiwa limesimama, kwa sababu unajionyesha pale injini inapofanyishwa kazi. Wakatoka wawili, Mama kwenye usukani. Barabara ya kupanda nyuma ya mtaa ilikuwa tupu. Mwalimu akamwambia aende polepole katika gia moja, kisha akanyage mafuta ghafla bila kubadili gia. Gari likaguna. Likatambaa. Fyuu. Halafu likaruka.

“Umesikia?” Mama aliuliza, kwa hofu kwamba ataambiwa hapana.

“Nimesikia. Na kule kukawia nimekuona. Sasa sikiliza. Kila gari la turbo hukawia kidogo, hata likiwa jipya. Kufumba jicho tu. Hili lako linafumba jicho, linaota ndoto, ndipo linaamka. Hiyo si tabia, ni ugonjwa. Na si mguu wako.”

Mama alilisimamisha gari pembeni. Alitaka kusikia maneno hayo ya mwisho tena, lakini aliona aibu kuomba.

Waliporudi, Mwalimu aliizima injini, akasubiri ipoe, ndipo akafungua boneti. Wakati wakisubiri aliwaeleza. Kwa kuwa alikuwa katika nyumba ya fundi cherehani, alichukua pasi ya mkaa iliyokuwa dirishani.

“Mkaa ukizubaa, Mzee, unafanyaje?”

“Naipunga pasi ipate hewa.”

“Injini ni hivyohivyo. Dizeli peke yake haina nguvu, inataka hewa. Turbo ndiyo inayoipunga. Ina feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini kwenda ekzosi unaizungusha feni ya kwanza. Ile ya pili inazunguka nayo, inavuta hewa ya nje na kuisukumia injini kwa nguvu. Ukikanyaga mafuta, moshi unaongezeka, feni zinaongeza mwendo, hewa inajaa, gari linaruka. Ndiyo maana linakawia kidogo. Feni lazima zichangamke kwanza.”

“Basi likikawia sana, feni zimekufa,” Shemeji alisema.

“Au hewa haiingii vizuri. Au inaingia halafu inavuja njiani. Kuna njia nzima kutoka puani hadi tumboni, na ninyi mmehukumu moyo bila kutazama pua. Tunaanza puani.”

Pua ya gari ilikuwa sanduku jeusi la plastiki lenye chujio la hewa ndani yake. Mwalimu alifungua klipu zake, akanyanyua kifuniko. Karanga akaacha kuzitafuna.

Chujio lilikuwa limevaa koti.

Lilikuwa koti hasa, la kitambaa kizito cha bitana, limeshonwa tabaka mbili, lina mpira wa kubana pembeni na pindo lililonyooka kama rula. Kwa nje lilikuwa limegeuka rangi ya udongo kwa vumbi.

“Hilo nimelishona mimi,” Mzee Pindo alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. Alieleza kwamba tangu karakana ya useremala ifunguliwe ng'ambo ya barabara, vumbi la mbao linaingia kila mahali. Alilionea huruma gari. Akaona kama shati lina bitana na suruali ina bitana, chujio nalo lisikose.

Mwalimu alilivua koti, akaligeuza, akalitazama mshono.

“Kazi nzuri,” alisema.

“Asante.”

“Ndiyo inayoliziba gari pumzi.”

Mzee Pindo alisimama na mikono yake mitupu. Mwalimu alimweleza bila ukali kwamba chujio limetengenezwa kupitisha hewa nyingi na kuzuia vumbi kwa pamoja. Ukiliongezea kitambaa, unazuia vyote viwili. Ni sawa na kumfunga mtu blanketi usoni halafu ukamwambia akimbie. Penye vumbi jingi, chujio halivalishwi. Linakaguliwa mapema zaidi, na likichafuka linabadilishwa. Na gari haliendeshwi bila chujio kabisa, maana vumbi litazila feni za turbo.

Chujio lenyewe lilikuwa safi. Koti lilikuwa limekula vumbi lote. Mwalimu alilikagua mwangani, halina tundu wala doa, akalirudisha bila koti, akafunga sanduku.

Mama alikwenda na gari tena mlimani, Shemeji kando yake. Tofauti ilikuwapo. Gari lilipumua. Lilikawia, lakini si kama mwanzo. Waliporudi Shemeji alishuka akiwa tayari ameshatangaza ushindi. Mzee Pindo alishusha pumzi. Alifurahi kwamba limepona na alihuzunika kwamba ni yeye aliyeliuguza. Mwalimu alianza kunawa mikono, maana alikuwa na kipindi chuoni.

“Bado,” Mama alisema.

Wakamtazama.

“Ile sauti bado ipo. Imekuwa kubwa zaidi.”

Shemeji alisema sasa ni wasiwasi tu, shemeji yake amezoea kusikiliza ubaya. Mzee Pindo alisema taratibu kwamba labda wangeshukuru kwa kilichopatikana, wasimchoshe Mwalimu. Mama aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kukubali. Wote walikuwa wamechoka na yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Alimtazama binti aliyekuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, akijinyoosha mgongo. Akilini akaliona lile lori la wiki iliyopita.

“Nimesema bado. Nimeisikia kwa masikio yangu. Siendi njia panda na mtoto wangu katika gari linalopiga mluzi.”

Mwalimu aliacha maji. Aliifungua ile ovaroli mpya aliyokuja kuichukua, akaivaa palepale juu ya nguo zake, kisha akapiga simu chuoni kuomba mwenzake amshikie kipindi.

“Una haki,” alimwambia Mama. “Mimi ndiye niliyetaka kukimbia. Kosa la kwanza ukilipata, halikuambii kama lina ndugu. Na sauti kuongezeka kuna maana yake. Hewa inaingia nyingi sasa, kwa hiyo inayovuja nayo ni nyingi.”

Safari hii aliifuata njia ya hewa kwa mkono, hatua kwa hatua. Alifungua mpira wa mbele ya turbo, akaingiza kidole, akaizungusha feni. Ilizunguka laini, haikuyumba wala kukwaruza ukuta wake. “Turbo yenu ni nzima,” alisema. “Mlitaka kumzika mtu anayepumua.” Kisha aliipapasa mipira minene inayobeba hewa kutoka kwenye turbo kwenda kwenye rejeta ndogo ya kupozea hewa, na kutoka hapo kwenda kwenye injini. Mpira mmoja wa chini, upande wa kulia, ulimwachia mafuta meusi kiganjani. Lakini tundu halikuonekana.

Alikwenda kwake akarudi na kizibo chenye mdomo wa kuingizia upepo, na pampu ya mguu. Aliziba njia ya hewa kwa kizibo hicho, akaunganisha pampu. Kazi ya kupampu alimpa Mzee Pindo.

“Miguu ya cherehani hiyo. Lakini polepole. Tunataka upepo kidogo tu wa kuujaza mpira, hatutaki kuupasua.”

Mama alipewa sifongo na ndoo ya maji ya sabuni. Alilala chali juu ya kipande cha turubai, akapaka povu kwenye kila kiungo. Mzee Pindo alikanyaga. Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Alipofika kwenye ule mpira wa kulia, chini kabisa, karibu na klampu inayoubana, mapovu yalianza kujaa na kupasuka yenyewe kwa yenyewe. Akasogeza sikio. Fyuu.

“Huyu hapa,” Mama alisema kutoka chini ya gari. “Njooni mmsikie mwenye pengo.”

Shemeji alipiga magoti na suruali yake nzuri, akainamisha kichwa, akasikia. Aliposimama alisema, “Shemeji, nisamehe,” na hakuongeza utani.

Ulikuwa ufa mwembamba. Mpira ukiwa umelegea, ufa ulijifumba. Ukijaa hewa, ulifunguka. Kwa hiyo kila Mama alipohitaji nguvu zaidi, ndipo gari lilipokuwa likipoteza hewa zaidi. Dizeli ilikuja bila hewa ya kuiunguza yote, ikatoka nyuma kama moshi mweusi. Mzee Pindo, aliyetaka sana kulipa kosa lake, alisema anaweza kuushona kwa uzi wa viatu na kuuvisha kiraka. Mwalimu alimkataza. Mpira ule unabeba hewa ya moto yenye msukumo. Kiraka kitapasuka siku ile ile ya shida. Unabadilishwa, basi.

Shemeji alijitolea. Alipewa mpira wa zamani mkononi ili aulinganishe na mpya, urefu, unene na mkunjo wake, asije akaletewa wa gari jingine. Akaondoka mbio.

Mara tu alipotoweka, binti aliita, “Mama.”

Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Maumivu yalikuja, yakakaa, yakaondoka. Alisema yameanza tangu wakati wa kupampu, hakutaka kuwakatiza. Wakampigia mkunga. Mkunga aliwatuliza. Uzazi wa kwanza kwa kawaida huchukua muda, alisema, lakini wasichelewe. Wajiandae waje.

Waje na nini? Gari lilikuwa uani na boneti wazi, limetolewa utumbo. Mama alipiga simu ya teksi. Dereva akasema yuko kwenye kona. Mama alitoka hadi barabarani, akatazama kona zote. Akarudi. Akamsugua binti mgongo. Akaenda tena barabarani. Mzee Pindo alikaa kwenye cherehani isiyo na kitambaa, akaikanyaga bure, akaacha. Alikuwa anaogopa, na hakujua pa kuweka mikono yake.

“Kama lisingekuwa lile koti langu,” alianza.

“Kaa karibu na mwanao,” Mama alimwambia. “Koti tutalizungumza akishazaliwa mtoto.”

Aliyetokea kwenye kona hakuwa teksi. Alikuwa Shemeji, anakimbia, mipira miwili mabegani, wa zamani na mpya, jasho linamtiririka. Mwalimu aliilinganisha, akatikisa kichwa kukubali, kisha akampa Mama bisibisi.

“Wewe ndiye utakayeusikia ukilegea. Ufunge wewe. Futa mafuta kwanza mdomoni mwa bomba. Usukume hadi mwisho. Klampu ikae sawasawa, isiwe upande. Kaza mpaka isicheze, halafu acha. Ukiikaza kwa hasira inakata mpira, na hivyo ndivyo ufa unavyozaliwa.”

Mama alitaka kukaza kwa hasira. Binti alikuwa analalamika nyuma yake. Lakini alikaza kwa utulivu, akaacha. Mzee Pindo akapampu. Povu likapakwa. Povu likatulia. Mwalimu aliwalazimisha kulipandisha gari mlimani mara moja kabla ya kumpakia mzazi. Mama alikwenda peke yake. Alikanyaga. Gari likafumba jicho, likaenda. Kilichosikika kilikuwa injini tu.

Alirudi uani akiwa na macho ya maji. “Mleteni,” alisema.

Binti alikaa nyuma, Mzee Pindo kando yake, mkoba miguuni. Walipanda mwinuko, wakafika njia panda, Mama akasimamisha. Malori yalikuwa yanashuka. Binti alivuta pumzi huku ameuma meno.

“Nenda,” Mzee Pindo alisema.

“Kuna lori.”

“Silioni.”

“Ndiyo maana hatukukupa usukani.”

Binti, katikati ya maumivu, alicheka. Mama alikumbuka neno la mwisho la Mwalimu dirishani, kwamba hata gari lisilougua hukawia kidogo, kufumba jicho tu, kwa hiyo asiitafute nafasi ndogo kwa sababu tu turbo imepona. Alisubiri. Lori likapita. Jingine likapita. Moyo wake ulikuwa unataka kutoka kifuani uende kwa miguu. Kisha barabara ikafunguka, pana na tupu, akakanyaga.

Gari liliitika. Lilivuka, likaingia katika safu yake, likashika kasi, na hakuna aliyepiga honi. Mama alitamani kulia kwa furaha, ila alikuwa anaendesha.

Hospitalini binti aliingizwa chumba cha kujifungulia, na wao wawili wakaachwa kwenye benchi la koridoni. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Mama aliinuka, akakaa, akainuka. Aliufungua mkoba, soksi zilikuwemo. Hatimaye alisikia nyuma ya mlango sauti ya binti yake ikipanda hadi juu, ikakatika. Manesi walikuwa wanasemezana haraka. Halafu kimya.

Mama alisimama. Alikuwa na masikio ya kusikia sindano iliyochoka na ufa wa mpira, na sasa aliyategesha yote kwenye mlango ule. Kimya kiliendelea. Mzee Pindo alimshika mkono.

Kilio kikatoka. Kwanza kidogo, kinajitafuta, kisha kikajaa koridoni.

“Ameitika,” Mzee Pindo alisema, na miwani yake ikawa haina kazi kwa machozi.

Alikuwa msichana, mzima, na mama yake mzima.

Siku walipowarudisha nyumbani, Mzee Pindo alikuwa ameshalifua lile koti, akalipiga pasi na kulivisha cherehani yake. Cherehani, alisema, haivuti pumzi, inahitaji tu kukingwa na vumbi. Chujio la gari sasa walilikagua kila walipolisafisha gari, na Mama alishika mipira mmoja mmoja kwa mkono, akitazama kama kiganja kinatoka na mafuta. Shemeji dukani kwake alimweleza kila mteja kwamba turbo haizikwi kabla ya kutazama pua, kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua jambo hilo.

Njiani, siku ile ya kuwatoa hospitali, walisimama njia panda. Barabara ilikuwa nyeupe upande wa kulia. Mbali sana upande wa kushoto kulikuwa na lori moja dogo, linakuja taratibu. Nafasi ilitosha, na gari lilikuwa tayari. Mtoto alikuwa amelala nyuma katika soksi zake.

“Mbona huendi?” Mzee Pindo aliuliza. “Gari linakawia tena?”

“Gari halina neno,” Mama alisema. “Safari hii ninayekawia ni mimi.”

Akaliacha lori lipite.